Timu "ime-bottle": Waingereza wana maana gani hasa?

MwenyeBanda_Kihonda

Wakuu, kwema?

Nina banda la kuonyeshea mpira hapa Kihonda, Morogoro. Kibanda umiza kabisa: mabenchi ya mbao, tivii mbili, kiingilio mia tano, mechi kubwa elfu moja. Shida yangu leo si umeme wala king'amuzi, ni neno moja. Matangazo ya Kiingereza yakiwa hewani na timu ikaanza kurudishiwa mabao, utasikia wachambuzi wanasema "bottle". Wame-bottle. Bottlers. Vijana wangu wamelidaka, siku hizi hata kwenye ndondo mtu akikosa penalti anaitwa bottler, na hakuna anayeweza kueleza chupa imeingiaje hapo.

Juzi likazuka zogo. Fundi seremala mmoja, mteja wangu wa siku zote, anasema maana yake ni ulevi, timu imecheza kama imekunywa. Bodaboda mmoja anabisha: ni kutiwa kizibo, timu imezibwa haipumui. Mwalimu wa sekondari aliyekuwepo akafungua kamusi kwenye simu, kamusi ikasema "bottle" ni ujasiri. Watu wakaangua kicheko mpaka nikakosa bao la tatu. Ujasiri! Timu ilikuwa mbele mbili bila, imerudishiwa zote mbili, leo unaniambia ni jasiri?

Nina sababu ya kuuliza. Nje nina ubao wa chaki, naandika mechi za siku na vionjo vya kuvuta watu. Nataka hilo neno kwa Kiswahili kinachobeba maana yake, siyo "chupa". Anayejua anisaidie: ni sifa au ni tusi? Na Mwingereza wa kawaida, asiye wa kwenye tivii, hulitumia lini?

Nawasilisha.

MzaramoHalisi

Seremala yuko sahihi. Mtu akipiga mbili tatu anapata ujasiri, kwa hiyo chupa ndiyo ujasiri wenyewe. Kesi imefungwa, lete swali lingine.

Dereva_Leyton

Mzaramo, hiyo kesi ifungue tena. Ujasiri wa kulewa Waingereza wanao, na wameupa jina lake: "Dutch courage", ujasiri wa Kiholanzi. Karne ya 17 walipigana na Waholanzi vita vya baharini mara kadhaa, na kejeli walizowatupia Waholanzi nyingine zimo kwenye lugha mpaka leo. "Bottle" ya kwenye mpira haina tone la pombe.

Mimi ni dereva wa basi mashariki ya London, miaka mingi sasa, na hili neno sikulipata kwenye tivii. Nililikuta kantini ya gereji. Tena mwanzoni sikujua kama ni "bottle", kwa sababu watu wa huku hiyo "t" ya katikati hawaitamki. Wanaikata kooni, kama hamza ya Kiarabu, na "l" ya mwisho inayeyukia mdomoni. Inatoka "bo'o". Unasikia fulani kapoteza "bo'o" yake, unabaki kutazama chini ya meza labda kadondosha kitu.

Mwalimu na kamusi yake wako sawa. Neno ni nomino na maana yake ni ujasiri. Ila si kila ujasiri. Mtu wa zimamoto anayeingia kwenye nyumba inayowaka ataitwa "brave". Askari anayevishwa nishani, neno lake ni "courage" au "gallantry". "Bottle" ni ule moyo wa kufanya jambo ambalo uwezo wake unao tayari, kilichobaki ni wewe na tumbo lako. Kuingia kwa msimamizi kuomba likizo ya Desemba wakati gereji nzima inaitaka Desemba. Kumwambia daktari wa meno "haya, ng'oa". Kumpigia simu binti aliyekupa namba yake Jumamosi, na leo ni Alhamisi. Hapo ndipo wenzako watakuuliza kama "bottle" unayo.

Sasa kinachowachanganya hapo bandani ni hiki. Neno lenyewe ni sifa, lakini ukikaa kantini siku nzima utalisikia likitajwa kwa sababu halipo. "He's got bottle" ni ya nadra, mtu akipewa amepewa kweli. "He's lost his bottle" ndio wimbo wa kila siku. Kutokana na huko kupoteza wakazaa kitenzi, "to bottle it". Hiyo "it" haimrejelei mtu wala kitu, usijisumbue kuitafuta. Ni kuishiwa moyo pale mwishoni, jambo likiwa mkononi. "Bottle out" ni kujitoa kabisa: ulitangaza kazini kwamba utaruka kwa parachuti kuchangia hospitali, watu wametoa pesa, siku ikifika mgongo unauma. Mwenye mazoea hayo ni "bottler", au kwa ukali zaidi "bottle job". Kwa hiyo mkuu, swali lako la sifa au tusi: nomino ni sifa, kitenzi ni dhihaka.

Chupa imeingiaje? Maelezo yanayotolewa zaidi ni ya misimu ya vina ya watu wa mashariki ya London, Cockney. Wanachukua maneno mawili yanayokwenda pamoja, la pili likiwa na kina kimoja na lile wanalolikusudia, halafu hilo la pili wanalidondosha. Kichwa ni "head", kina chake ni "bread", wanasema "loaf of bread", mwisho inabaki "loaf". Ukiambiwa "use your loaf" unaambiwa tumia kichwa. Ngazi, "stairs", zikawa "apples and pears", sasa ni "apples" basi. Na "bottle" ni nusu ya "bottle and glass". Hiyo "glass", kwa lafudhi yao, ina kina kimoja na neno lao chafu la makalio. Aliyepoteza "bottle" yake, samahanini mnaokula, kule nyuma kumemshinda kukudhibiti. Mengine malizieni wenyewe.

Wapo wanaosema chanzo ni msemo wa zamani zaidi, "no bottle", uliokuwa na maana ya kitu kisichofaa, na habari ya makalio ikapachikwa baadaye. Inawezekana. Ila hapa mtaani ukiuliza, kila mtu atakupa ya makalio, na atakupa akicheka.

Uchafu wenyewe ulishatoka zamani. Miaka ya 1980 wauza maziwa walilitia kwenye tangazo la nchi nzima, "Gotta lotta bottle". Wakati ule maziwa yaliachwa mlangoni alfajiri kwenye chupa za kioo, kwa hiyo utani ulikuwa na miguu miwili. Watu hao hao wa maziwa ndio waliodhamini Kombe la Ligi, likaitwa Milk Cup kuanzia 1982 mpaka 1986, na Liverpool walilibeba zile tatu za kwanza. Gereji yetu ina mzee mmoja wa West Ham, mpaka leo analiimba hilo tangazo akizunguka basi kukagua matairi.

Unataka mfano wa mpira? Stuart Pearce. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 1990, Turin, Uingereza na Ujerumani Magharibi, penalti yake ikapanguliwa na kipa Illgner na Uingereza ikatoka. Miaka sita ikapita. Euro 96, robo fainali na Hispania pale Wembley, mikwaju tena. Hakuna ambaye angemlaumu kama angekaa nyuma ya wenzake na kutazama nyasi. Akaenda akaweka mpira, akapiga ndani, akageukia jukwaa na uso unaotisha watoto. Mwingereza wa umri wangu ukimwambia neno "bottle", picha inayomjia ni hiyo.

Na wetu ni Asamoah Gyan. Mnaikumbuka Soccer City, Julai 2010. Ghana na Uruguay, Suárez wa Uruguay kaudaka mpira kwa mikono mstarini kama kipa, nyekundu, penalti, dakika ya 120 imekwisha, Afrika nzima imesimama. Gyan akagonga mwamba. Dakika chache baadaye mikwaju ya kuamua mshindi inaanza, na mpigaji wa kwanza wa Ghana ni nani? Gyan yule yule. Akaupachika juu, golini. Ghana walitolewa, ndiyo, lakini mtu anayesema Gyan ali-"bottle" siku ile hajui neno analolisema. Alikosa. Kukosa na ku-"bottle" ni vitu viwili.

Mwl_Mkunazini

Assalaam alaykum. Dereva umesema vizuri, hasa hiyo hamza, wanafunzi wangu nitawaeleza hivyo hivyo. Na hayo ya kudondosha neno yasitushangaze sana. Sisi Unguja utotoni tulikuwa tukisema kinyume, tunageuza silabi ili wakubwa wasitambue tunapanga kwenda kuiba maembe ya nani. Kila mji una watoto wake wahuni.

Sasa ubao wa MwenyeBanda. Mie naona kosa lipo kwenye kulitafuta neno moja. Ile nomino, kwa Kiswahili tunayo na ina tabia ile ile ya kupenda kukanushwa: ubavu. "Huna ubavu wa kumwambia." Nani ulimsikia akisema kwa kawaida "fulani ana ubavu"? Mara nyingi tunasema hana. Kile kitenzi, nitachagua kunywea. Mtu alikuwa kavimba, kifua mbele, akaona mambo yamekaribia, kanywea. "Kuogopa" hakutoshi, maana mwoga anaogopa tangu nyumbani. Aliyenywea alitoka nyumbani akiwa simba.

Wengine watasema "kuufyata", nayo ni nzuri, ila mkia unafyatwa mbele ya mkubwa wako. Timu inayoongoza haina mkubwa uwanjani, inajiogopa yenyewe. "Kuingia mitini" muihifadhi kwa yule wa parachuti.

Dereva_Leyton

Mwalimu, kunywea nimeikubali, tena nimesikitika sikuifikiria mimi. Ubavu naupinga kidogo. "Huna ubavu" mara nyingi ina maana uwezo wenyewe huna, nguvu huna, pesa huna, utapigwa. "Bottle" haigusi uwezo kabisa. Msimamizi wangu alijua mimi naweza kuendesha basi refu lile la kujikunja katikati, mimi nilijua naweza, basi lilijua. Asubuhi ya mtihani mzee wa West Ham akanipita akasema maneno manne tu, "don't bottle it now", akaendelea na chai yake. Hapo Kiswahili chake ni "piga moyo konde". Huwezi kumwambia mtu "piga ubavu".

Mwl_Mkunazini

Haya, hapo umenipata. Moyo basi. Lakini hata moyo una tabu yake, maana "hana moyo" kwetu ni katili au mvivu, inategemea nani anasema.

MwenyeBanda_Kihonda

Wakuu nimewasoma wote, mmetisha. Jana nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: LEO NANI ATANYWEA? Mtu wa kwanza kuingia, mtoto wa shule, ananiuliza ananywea kikombe au glasi, na soda zipo za baridi? Seremala ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kasimama juu ya benchi: "Si niliwaambia ni mambo ya kunywa!" Nimeufuta, nimeandika NANI ATAINGIWA NA MCHECHETO, hiyo imeeleweka bila mkalimani. Mwalimu utanisamehe.

Ila sasa wamehamia kwingine. Wanataka orodha, timu ipi kweli ili-"bottle" na ipi inaonewa. Mashabiki wa Arsenal hawataki hata kusikia.

GunnerNakuru

Ni vile mmetuzoea. Mimi ni wa Arsenal, hapa Nakuru, kwa hivyo hili neno limeniuma kuliko nyinyi nyote mkijumlishwa. Msimu wa 2022/23 tulikaa kileleni siku 248, hakuna timu Uingereza iliwahi kukaa juu siku nyingi hivyo na ikose kombe. Tukamaliza na pointi 84, Manchester City 89. Saliba aliumia Machi na hakurudi tena msimu huo. Beki wako bora hayupo, unakimbizana na timu ya Guardiola yenye Haaland, halafu jamaa amekaa kwa baa anakuita bottler. Huko ni kukosa adabu. Tulizidiwa, basi.

Dereva_Leyton

Ndugu yangu wa Nakuru, nakutetea nusu. Tuipitie Aprili ile mechi kwa mechi, kwa sababu neno hili halipimwi kwa msimu mzima.

Anfield, kwa Liverpool, mlikuwa mbele 2-0, ikaisha 2-2. West Ham mlikuwa mbele 2-0, Saka akapiga penalti nje, 2-2. Gereji yetu siku ile haikufanya kazi, ilicheka tu. Mbili hizo zinahesabika. Mpira ulikuwa miguuni mwenu na miguu ikawa mizito. Halafu Southampton, timu ya mkiani, nyumbani kwenu, 3-3. Hiyo watu wanaitaja kama aibu kuu, mimi naitoa kwenye orodha. Mlikuwa nyuma 3-1 mpaka dakika ya 88, mkarudisha zote mbili. Timu iliyonywea hairudishi mabao mawili dakika za mwisho. Ubovu wa mwanzo wa mechi ni ubovu, tafuta neno lake. Na Etihad, kwa City, mlipofungwa 4-1? Hapo hakuna "bottle" wala kizibo chake. City walikuwa wakubwa kuliko nyinyi, kwisha. Mtu akipigwa na aliyemzidi, hajapoteza moyo, kapoteza mechi.

Newcastle 1996 je? Pointi 12 mbele Januari, wakamaliza wa pili nyuma ya Manchester United, na kocha wao Keegan akafoka mbele ya kamera mpaka kidole kikatetemeka. Hao Waingereza wengi wanawaweka kundini. Mimi nasita, wale walicheza kwa kushambulia vile vile mwanzo mpaka mwisho, hawakuogopa kitu, labda wangeogopa kidogo wangebeba kombe.

Liverpool 2014, watu wanacheka ule utelezi wa Gerrard na Chelsea. Kuteleza ni kuteleza, kiatu na nyasi. Angalieni mechi iliyofuata, Crystal Palace. Mbele 3-0, kisha kati ya dakika ya 79 na 88 wakafungwa tatu. Suárez akajifunika uso kwa jezi. Hiyo ndiyo yenyewe, ukitaka kumwonyesha mtu asiyejua mpira neno hili lina maana gani, mwonyeshe dakika hizo kumi.

GunnerNakuru

Southampton umenitoa, asante. West Ham sijakubali na sitakubali, lakini tuache.

Swali lingine, dada yangu yuko Texas, nilimwandikia kwamba bosi wake ata-bottle akaniuliza kama ni kiwanda cha soda.

Dereva_Leyton

Mmarekani hana habari nalo. Yeye ujasiri wa aina hii anauita "guts", yaani matumbo, au "nerve", na timu ikiishiwa moyo anasema ime-"choke", imepaliwa. Kila mmoja kachagua sehemu yake ya mwili. Kwa hiyo akiwa Texas asilitumie, na wewe ukiwa hapa usiliandike kwenye barua ya kuomba kazi, ni neno la kantini na jukwaani.

Na kuna mtego mmoja, vijana wa bandani waujue. "He bottled it" ni kanywea. "He bottled him", ukiweka mtu badala ya "it", ni kampiga mwenzake na chupa, na hapo polisi wanakuja. "Bottle up" ni kufungia hasira au majonzi moyoni. "Hit the bottle" ndiyo ya seremala sasa, kuanza kunywa sana. Mpe salamu, hakukosa kila kitu.

Mrundi_Perth

Salaam wote. Nimesoma kutoka juu nikashangaa, kwa sababu huku Australia mambo ni kinyume kabisa. Mzee jirani yangu gari yake ilizimika, nikaisukuma mpaka ikawaka, akatoa mkono dirishani akapiga kelele, "You little bottler!" Mimi nafuata mpira wa Uingereza tangu niko kambini, nikajiuliza huyu babu nimemkosea nini. Nikamuuliza mke wangu, yeye anafanya kazi na wazee, akacheka sana. Huku "bottler" ni mtu safi, mtu wa maana, ni pongezi, ingawa wanaolisema siku hizi ni wazee zaidi. Hiyo "little" nayo haina uhusiano na kimo. Mimi nina mita moja na sentimita themanini na sita.